Fildi ya uhandisi Zanzibar: inaharibikia wapi, na inatengenezwaje

Kila ikikaribia Julai, makampuni ya ujenzi, umeme na maji ya hapa Unguja huanza kupokea bahasha za kaki. Ndani mna barua ya chuo, imepigwa muhuri, inaomba mwanafunzi "apatiwe nafasi ya mafunzo kwa vitendo", yaani fildi. Aghlabu barua haisemi zaidi ya hapo. Haisemi mwanafunzi ameshasoma nini, anatakiwa atoke na nini, wala ni nani atakayebeba gharama akikatwa na grainda. Kampuni nayo hujibu kwa mstari mmoja: amekubaliwa, aripoti tarehe fulani. Pande mbili zimeandikiana, na hakuna aliyemwambia mwenzake anachokitaka.

Naamini fildi nyingi haziharibikii kazini. Zinafika kazini zimeshaharibika, kwa sababu ya karatasi hizo mbili. Kijana akimaliza wiki nane akipanga mabomba stoo, wazee wake husema kampuni haina imani, kampuni husema vijana wa siku hizi hawajui kitu, na chuo husema sisi tumeshampeleka. Kila mmoja ana sehemu ya haki yake, ndiyo maana mjadala hauishi. Tuuchambue.

Mambo tofauti ndani ya jina moja

Mtu akisema mwanawe "yuko fildi kwenye kampuni ya uhandisi", anaweza kuwa anazungumzia mojawapo ya mambo manne, na kila moja lina haki na masharti yake.

La kwanza ni mafunzo kwa vitendo ya chuo. Hii ni sehemu ya kozi, ina alama, na asiyeifanya hahitimu. Kwa wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ni wiki nane kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu ya mwanzo. Mwanafunzi huja na logibuku, daftari la kumbukumbu za kila siku, ambalo msimamizi wa kazini hulisaini na mwalimu wa chuo hulikagua akija kumtembelea.

La pili ni uanagenzi, ambao hapa unakwenda na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na vituo vyake kama Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba. Mwanagenzi anajifunza ufundi wenyewe: sehemu kubwa ya muda wake yuko kazini, sehemu ndogo yuko darasani, na kati yake na mwenye kazi mnatakiwa mkataba. La tatu ni mafunzo ya kazini kwa wahitimu, yaani kijana ameshamaliza chuo, hana ajira, na kampuni inampokea kwa miezi kadhaa ili apate uzoefu.

La nne ndilo wengi hawalijui hadi wanapomaliza chuo. Ili usajiliwe kuwa mhandisi kamili, shahada peke yake haitoshi. Unatakiwa ufanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kwa upande wa Bara, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu ulioanza mwaka 2003, unaojulikana kwa kifupi SEAP, ambao mhitimu huupitia akisimamiwa na kukaguliwa kwa utaratibu. Miaka hiyo huhesabiwa baada ya kuhitimu. Wiki nane za mwaka wa pili hazimo, hata uzifanye kwa bidii ya namna gani.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu kampuni nyingi huwatia wote hawa kwenye kapu moja. Mhitimu mwenye shahada anapewa kazi za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaachiwa paneli ya umeme kana kwamba ni fundi. Hilo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi.

Sheria ya nani?

Hapa ndipo pana fundo gumu kuliko yote, na ni fundo la Zanzibar hasa. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania sawa na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Mbeya. Lakini kazi na ajira si jambo la Muungano. Mwanafunzi anaweza kuwa amesajiliwa Dar es Salaam, barua yake imetoka Dar es Salaam, na hata mwalimu atakayemkagua atatoka huko. Ila asubuhi anapovaa helmeti Fumba, sehemu ile ya kazi inatawaliwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Na. 11 ya 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Na. 8 ya 2005. Sheria ya ajira ya Bara ya mwaka 2004 haimhusu mwajiri huyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao ni chombo cha Bara. Mtu asidhani unavuka bahari pamoja na mwanafunzi. Usajili wa wahandisi pia una bodi yake hapa Zanzibar, mbali na ile ya Bara.

Maana yake ni nini kwa mzazi na kijana? Ni kwamba msichukulie kwamba kuna mtu keshalishughulikia suala la ajali. Chuo kinaweza kudhani kampuni ina bima. Kampuni inaweza kudhani mwanafunzi ana bima ya chuo. Ikitokea kijana kaanguka kwenye jukwaa la mirunda, kila mmoja anamtazama mwenzake huku mgonjwa yuko hospitali ya Mnazi Mmoja. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza, liulizwe kwa maandishi na lijibiwe kwa maandishi: akiumia kazini, nani analipa matibabu? Nani anampa helmeti, viatu vya usalama na glavu? Sioni ubaya wowote kwa mwanafunzi kuuliza hayo. Kuuliza si kukosa adabu, na kampuni inayokasirishwa na swali la usalama imeshakuonesha namna inavyofanya kazi.

Hesabu ya kampuni

Tuwe wa kweli pia kwa upande wa pili. Mwanafunzi si mkono wa bure. Wiki ya kwanza inakwenda kwa barua, vitambulisho na kuoneshwa choo kilipo. Wiki ya pili anamfuata fundi na kuuliza, na fundi anayeulizwa anapunguza kasi. Wiki ya mwisho anaandika ripoti. Katika wiki nane, zinazobaki za kufanya kitu cha maana ni kama tano, na ndani yake mna siku ambazo vifaa havijafika au mvua imenyesha. Kampuni ndogo yenye wahandisi wawili inapojiuliza inapata nini, inauliza swali la haki.

Kuna na suala la misimu, ambalo sijaona chuo kinachotueleza kwamba kimelipima. Likizo ndefu ya vyuo vikuu huangukia Julai hadi Septemba au Oktoba. Kwa ujenzi wa barabara ni wakati mzuri: masika yamepita, udongo unashindilika. Lakini sehemu kubwa ya kazi za umeme, mabomba na viyoyozi hapa Unguja iko mahotelini, Nungwi, Kiwengwa, Matemwe, Paje, Jambiani, na miezi hiyo ndiyo mahoteli yamejaa wageni. Hakuna atakayeifungua jenereta kubwa wala kuzima pampu kwa matengenezo makubwa wakati vyumba vyote vina watu. Matengenezo hayo hufanywa Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache na baadhi ya hoteli zikiwa zimefunga. Wakati huo mwanafunzi yuko darasani. Anakuja Julai, anakuta kazi ya zimamoto tu: kiyoyozi cha chumba hiki kimekufa, pampu ya bwawa inavuja, kimbia. Chuo kingepeleka hata kundi dogo la wanafunzi wakati wa masika, vijana wangeona mashine imefunguliwa hadi utumbo.

Kazi moja, iandikwe

Dawa ninayoiamini ni nyepesi kuisema: mwanafunzi asiombe nafasi, aombe kazi. Barua itaje jambo moja ambalo atalishika tangu mwanzo hadi mwisho, liwe dogo kiasi cha kumalizika ndani ya wiki tano, na liwe na faida kwa kampuni. Mengine yote atayaona akipita. Nitoe mfano wa umeme, maana ndio unaoeleweka haraka hapa kwetu.

Unguja inapata sehemu kubwa ya umeme wake kupitia waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, hadi Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, wa megawati 45. Kuanzia Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 tukakaa tena takriban miezi mitatu. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli hadi ilipounganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa waya wa kilovolti 33. Historia hiyo ndiyo iliyotufundisha kila hoteli, hospitali na kiwanda cha barafu kuwa na jenereta yake. Kwa mwanafunzi wa umeme hiyo ni maabara iliyo wazi: karibu kila jengo la maana lina chanzo cha pili, swichi ya kubadilishia na paneli iliyoongezwa vipande vipande kwa miaka.

Tuseme yuko na fundi kwenye hoteli ya vyumba 30 upande wa mashariki. Kila usiku breka ya jenereta, swichi inayojikata mzigo ukizidi, inakatika, na mwenye hoteli ameshaanza kuulizia bei ya jenereta kubwa zaidi. Kijana anamwendea fundi mkuu: "Shikamoo fundi. Naomba, ukiwepo wewe, nichukue usomaji wa fezi zote tatu kila nusu saa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kwa siku tano." Fundi anaitikia marahaba, anamtazama, anampa klampu mita, kifaa cha kupimia mkondo kwenye kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazogawana mzigo wa jengo. Fundi hakuambiwa amfundishe kijana "umeme". Kaombwa kitu ambacho anaweza kukikubali au kukikataa kwa neno moja.

Siku ya tatu, saa mbili usiku, daftari linaonesha fezi nyekundu ampea 92, njano 41, buluu 58. Jenereta ina uwezo wa ampea 100 kwa kila fezi. Jumla ya mzigo ni ampea 191 kati ya 300, yaani haijafika theluthi mbili. Jenereta si ndogo. Ila fezi moja iko ukingoni, na viyoyozi viwili vikiwaka kwa pamoja, mota zake mwanzoni huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, breka inaruka. Kijana anafuatilia nyaya na michoro, anakuta vyumba vilivyojengwa nyuma miaka ya karibuni viyoyozi vyake vyote viliungwa kwenye nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kiyoyozi kidogo cha chumba huvuta kama ampea 5. Ukihamisha vitano kwenda njano na kimoja kwenda buluu, unapata 62, 66 na 63. Kazi ya siku moja ya fundi, badala ya jenereta mpya.

Mfano huu una kila kitu kinachotakiwa kwenye fildi. Kuna kupima, kuna hesabu ya darasani iliyopata mahali pa kukaa, kuna fundi aliyeheshimiwa, na kuna mwenye hoteli ambaye mwaka ujao atakuwa anawauliza chuo mbona hawajaleta mtu.

Kwenye ujenzi, kazi ya namna hiyo ipo kwenye zege. Saiti nyingi hufanya jaribio la slampu: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, inajazwa zege kwa tabaka tatu, kila tabaka linachomwa kwa fimbo mara 25, koni inanyanyuliwa taratibu na zege linapimwa limeshuka kiasi gani. Kisha vipande vya mraba vya milimita 150 vinatengenezwa, vinalowekwa majini, na kupasuliwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Mwanafunzi akilishika hilo peke yake kwa wiki tano, akaandika kila mara mchanga ulitoka wapi, maji yaliongezwa kiasi gani na nani aliyesema yaongezwe, kampuni itapata kumbukumbu ambayo mara nyingi haina muda wa kuiweka. Na hapa visiwani jambo hilo lina uzito wa pekee. Chumvi ya mchanga na maji ya pwani huila nondo ikiwa ndani ya zege, nondo inavimba kwa kutu, na zege linapasuka kutoka ndani. Jengo zuri la mwaka wa kwanza linaanza kuonesha nyufa za kahawia bado halijazeeka.

Logibuku isiyodanganya

Wasimamizi wa kazini husaini logibuku siku ya Ijumaa kabla ya sala, kurasa tano kwa mpigo, bila kusoma. Najua kwa nini: kurasa zenyewe hazina cha kusomeka. "Leo tulifunga nyaya chumba namba 4." "Leo tuliendelea kufunga nyaya." Ukurasa kama huo hauwezi kuwa uongo wala kweli.

Linganisha na huu: "Waya wa 2.5 mm² umevutwa kutoka paneli hadi soketi za chumba namba 4, mita 18. Fundi kakataa nisiunge kabla ya kupima insulesheni (ganda la waya). Usomaji kati ya laivu na ardhi ulikuwa mdogo mno. Tumekuta waya umechubuka kwenye kona ya bomba. Umevutwa mwingine." Mistari minne, na mwalimu akija ana la kumuuliza kijana: kwa nini insulesheni hupimwa kabla ya kuunga? Msimamizi naye akiusoma atajua kama kijana kaelewa au kanakili. Nawaomba wanafunzi waandike walichokosea, walichokatazwa na kilichoharibika. Hayo ndiyo yanayofundisha, na ndiyo yanayothibitisha kwamba ulikuwapo.

Nauli, na wasichana

Fedha ni suala fupi lakini linaumiza. Kwa wenye mkopo wa elimu ya juu kuna kifungu cha mafunzo kwa vitendo, ila si wote wenye mkopo, na fedha huweza kuchelewa. Kijana anayekaa Magomeni na kufanya fildi Nungwi anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kampuni haidaiwi mshahara kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hilo nalikubali. Lakini nauli na chakula cha mchana ni kitu ambacho kampuni yenye mradi wa mamilioni haiwezi kusema kinaifilisi. Wakubaliane mapema, kiandikwe kwenye ile barua ya kumkubali.

Kwa wasichana masharti ni zaidi, na mara nyingi huachwa bila kusemwa hadi binti anapoacha mwenyewe. Saiti haina choo cha wanawake. Viatu vya usalama vipo namba 43 tu. Ovaroli haimstiri akiwa na mtandio wake, na mtandio unaoning'inia karibu na mashine inayozunguka ni hatari ya kweli, kwa hiyo inatakiwa hijabu ya kubana na mahali pa kubadilishia nguo. Baba akisikia kazi iko mbali na binti atarudi usiku, anakataa, na huwezi kumlaumu kama hakuna aliyemweleza nani yuko naye huko. Kampuni ikitaja kwenye barua jina la msimamizi, saa za kazi na usafiri wa kurudi, wazazi wengi hulainika. Na mara nyingi msichana anapewa kazi ya ofisini "asije akachoka". Hiyo ni huruma inayomnyima alichokwenda kukitafuta. Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake wapitie mpango wa SEAP Bara. Wahitaji wa msaada wa aina hiyo wapo hapa pia, na wanaanza kupotea mapema zaidi, kwenye fildi ya mwaka wa kwanza.

Pemba

Mwanafunzi wa Chake au Wete ana tatizo jengine: makampuni ni machache, na wengi hufunga safari ya boti kuja Unguja kugombea nafasi na wenyeji, wakitafuta na pa kulala. Ningewashauri waangalie kwanza nyumbani. Shirika la Umeme, Mamlaka ya Maji na wakala wa barabara wana kazi Pemba, na kwenye ofisi ndogo mwanafunzi huwa karibu zaidi na mhandisi mwenyewe. Mfumo wa maji wa mji mmoja, kisima, pampu, tangi na mifereji yake, unaweza kuufuata kwa miguu kuanzia mwanzo hadi mwisho katika siku mbili, ukapima presha asubuhi na jioni, ukachora ramani ya mabomba ambayo pengine imo kwenye kichwa cha mzee mmoja anayekaribia kustaafu. Mwendee mzee huyo kwa adabu, mwambie unataka kuiandika anayoijua. Ukimaliza, nakala moja ya ramani ibaki ofisini na moja uende nayo chuoni.